Kibuyu chenye Nyayo za Kanga

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, sikuandika ili mnisifu, na msinisifu. Nimeandika kwa sababu kuna neno mnalitumia kila siku, na kila nikilisikia moyo wangu unarudi mahali ambapo haupendi kurudi. Neno lenyewe ni sanaa. Kijana akiimba redioni, mnamwita msanii. Mwanasiasa akija sokoni akadanganya watu, mnasema huo ni usanii mtupu. Mtoto akitoka shuleni na karatasi ya rangi, amefanya sanaa. Hata yule anayesuka nywele pale stendi ameandika neno hilo juu ya mlango. Sina ugomvi na yeyote. Neno likishatoka kinywani kila mtu analitumia atakavyo. Lakini mimi niko na langu la kusema juu yake, na nitalisema lote.

Mwezi uliopita nilishuka Kyumbi kungoja gari la Machakos, natoka kuchukua dawa zangu za presha. Kando ya barabara kijana amepanga vibuyu juu ya meza. Nikasimama, maana siku hizi kibuyu kukiona ni bahati. Vilikuwa vimesuguliwa vizuri, vinang'aa, kila kimoja na kamba yake ya kuning'iniza. Na vyote, nawaambia vyote, kuanzia mwanzo wa meza mpaka mwisho, vilikuwa na mchoro mmoja.

“Karibu susu,” kijana akasema. Susu ni bibi kwa Kikamba. “Hii ni sanaa yetu, ya Kikamba kabisa.”

“Alama hizi ni za nani?”

“Za nani vipi, susu? Si za mtu. Ni mapambo tu.”

“Na mbona zote ziko sawa?”

Akacheka, akaniona nimezeeka. “Ndio zipendeze! Mteja akitaka sita, anapata sita zinazofanana.”

Si kosa lake. Gari lilikuja nikapanda, na njia nzima nilikuwa nimerudi kwenye kilima chetu, niko na miaka kama kumi, niko na kisu kidogo mkononi ambacho sikuruhusiwa kukishika.

Nililelewa na bibi yangu. Mama na baba walikuwa wanaishi mbali kwa ajili ya kazi, na mimi nikaachwa kwa susu nimsaidie maji na kuni. Boma lake lilikuwa kwenye mteremko, na ukisimama mlangoni unaona vilima vingine vitatu, na katikati bonde lenye mto unaokauka kila mwaka bila kukosa. Susu alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa na shamba la mahindi na mbaazi kama watu wote, mbuzi wachache, na kitu kimoja ambacho watu wote hawakuwa nacho. Yeye ndiye aliyewachorea wanawake wa kilima chetu vibuyu vyao.

Hatukuita sanaa. Neno hilo halikuwa limefika kwetu. Watu walisema tu kwamba susu ana mkono. “Nenda kwa yule mwenye mkono,” ndivyo mama mkwe alivyomwambia binti aliyeolewa. Na binti alikuja, akakaa kwenye kigoda, akahojiwa.

Niwaeleze kibuyu, maana wengi wenu mmekunywa kwa plastiki tangu kuzaliwa. Kibuyu kinaanza na mbegu. Susu alipanda kando ya ghala, mmea ukapanda juu ya paa la nyasi ukajitandaza hapo kama mtu anayeota jua. Tunda likiwa changa bado lina manyoya laini, alilitafutia jiwe bapa akaliwekea chini, ili likikua likae wima na lisianguke. Kama anataka kiuno, alifunga ukanda wa katani katikati, asikaze wala asilegeze, na kila wiki alipita kuangalia. Baadaye unangoja. Mmea unakauka, kikonyo kinakuwa cha kahawia, ukigonga unasikia mbegu zimeachana na ukuta. Hapo unakata, unatoboa mdomo, unajaza maji uache nyama ya ndani ioze. Ile harufu! Mbwa wetu alihama upande ule wa boma. Halafu unatia kokoto na kutikisa, unamwaga, unatia tena, unatikisa mpaka mabega yanauma na ladha chungu ya kibuyu imeisha yote. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Nje alisugua kwa mgongo wa kisu na mafuta ya mbarika mpaka ngozi ikawa rangi ya asali.

Alama zilikuja mwisho. Kisu kidogo chenye ncha, makaa ya kukipasha, na masizi yaliyochanganywa na mafuta ya kujaza mistari. Ngozi ya kibuyu ikiguswa na chuma cha moto inatoa harufu kama ya njugu zilizoanza kuungua, na sauti ndogo, kss, kss. Nikifunga macho naisikia sasa hivi.

Na kabla ya kisu, maswali. Susu hakuchora kibuyu cha mwanamke ambaye hakukaa mbele yake. “Ukisimama mlangoni kwa mama yako, unaona nini?” Hilo ndilo swali la kwanza. “Asubuhi unasikia nini?” Mwanamke anajibu, mwingine anaona haya, mwingine anaongea mpaka uji unapoa. Susu anasikiliza, anachora, na kikiisha hakifanani na kingine chochote kwenye kilima. Kulikuwa na sababu. Siku za mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wanawake walikutana kwenye shamba la mmoja wao kuchimba matuta ya kuzuia udongo, na kila mmoja alikuja na uji wake ndani ya kibuyu chake. Vibuyu viliwekwa vyote chini ya kivuli kimoja. Saa ya kupumzika hakuna aliyeuliza hiki ni cha nani. Ukiona kibuyu umemwona mtu.

Kibuyu kizuri kuliko vyote kilikuwa cha jirani yetu wa juu. Huyo mama alikuwa mwembamba, anacheka kwa urahisi, na nikipita na mtungi natoka mtoni alikuwa ananiita, “Mwana wakwa,” yaani mwanangu, “njoo ushushe kidogo,” ananipa uji uliochacha vizuri. Kwenye kibuyu chake susu alikuwa amechora nyayo za kanga. Si kanga ya kuvaa, ni yule ndege wa madoadoa. Nyayo ndogo ndogo, mbili mbili, zinaanza chini kwenye duara kama kisima, zinazunguka kibuyu chote zikipanda mpaka mdomoni. Nilikuwa nikinywa nazifuata kwa kidole.

Huyo mama alikufa mwaka niliokuwa darasa la tatu. Aliugua kifua wiki tatu, akaenda. Aliacha watoto wawili, mkubwa mvulana na mdogo msichana wa miaka mitano hivi. Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, na katika zile purukushani za kupikia wageni kibuyu chake kilikanyagwa kikapasuka. Hakuna aliyejua ni mguu wa nani. Yule mdogo alizunguka akiokota vipande, akinyang'anywa analia.

Mwaka mmoja ukapita, mume akaoa tena, akaleta mke kutoka upande wa Katangi. Alikuwa mdogo, nafikiri hajafika miaka ishirini. Mama mkwe, yaani mama ya yule mwanamume, hakumtukana hata siku moja. Alimwita “wewe.” Wewe leta maji. Wewe, mbuzi wako wapi. Watoto nao hawakumwita kitu. Nyumba haikuwa na sufuria ambayo si ya marehemu, wala jembe, wala kigoda. Alikuwa kama mtu aliyeingia kanisani akakuta kila benchi lina mwenyewe.

Siku moja alikuja kwetu kuomba kibuyu. Susu alikuwa na kimoja tayari, kimesuguliwa, hakijachorwa. Akamwambia, “Rudi Jumatano tukae.” Lakini kabla ya Jumatano ujumbe ukaja kutoka Kangundo kwamba binti yake susu ameshikwa na uchungu wa kuzaa na mambo si mazuri. Susu akafunga kitambaa kichwani akaondoka. Aliniambia mambo mawili: mbuzi wasiingie kwa mbaazi, na kisu kile kisiguswe.

Sasa lazima niwaambie habari ya mwalimu. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, ana koti moja na viatu vya kung'aa. Ijumaa mchana alitufundisha kuchora. Alichora kikombe ubaoni, sisi tukachora kikombe. Alipita akiangalia, na cha nani kinafanana zaidi na cha ubaoni, huyo alisimama mbele akapigiwa makofi. Neno sanaa nilisikia kwake kwa mara ya kwanza. “Sanaa ni kufananisha,” alisema. “Jicho lione, mkono ufuate.” Ijumaa iliyotangulia Jumatano ile nilisimama mbele mimi. Nilipigiwa makofi, na nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyokwenda.

Jumatano yule mke mgeni akaja, akakuta susu hayupo. Alishika mlango kama mtu anayetaka kuanguka.

“Kesho mwethya uko kwetu,” akasema. “Shamba letu. Watakuja wote, na mimi nitakunywa na nini? Kile kikombe cha bati cha mkwe wangu?”

Nikamwambia, “Rudi jioni, kitakuwa tayari.”

“Susu atakuwa amerudi?”

Nilinyamaza. Akafikiri kunyamaza ni ndiyo. Mimi nikaacha afikiri hivyo.

Mchana wote ule nilikaa nyuma ya ghala na kisu na makaa. Sikumwuliza swali lolote maana hakuwepo, na pia sikujua kwamba maswali ndiyo kazi yenyewe. Nilidhani kazi ni mkono. Nikajiuliza ni mchoro gani mzuri kuliko yote niliowahi kuona, nimpe huyu mama ambaye hana kitu. Jibu lilikuwa wazi. Zile nyayo nilikuwa nazijua kwa kidole, hata nikifumba macho. Nikazichora mbili mbili kutoka kisimani mpaka mdomoni, nikajaza masizi, nikapangusa. Na zilifanana. Mwalimu angenisimamisha mbele.

Jioni alikuja, akakipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza geuza. Hakuwa amemwona marehemu, hakujua. “Susu ndiye amechora?”

“Ndiyo,” nikasema.

“Hiki ndicho kitu cha kwanza cha kwangu kwenye nyumba ile,” akasema. Alikuwa anacheka na machozi yako hapo karibu.

Asubuhi yake wanawake walikuja na majembe. Shamba lilikuwa la mteremko mkali, na walichimba wakirusha udongo upande wa juu, fanya juu, kama watu wa huku walivyozoea. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Sisi watoto tulikuwa tunaleta maji. Yule mke mgeni alichimba kuliko wote. Nilimwona akijipangusa jasho anatabasamu peke yake.

Saa ya kupumzika wakaenda kivulini. Msichana mdogo wa marehemu alikuwa anachezacheza pale kati ya vibuyu. Ghafla tukasikia amepiga kelele.

“Ya mwaitu! Ya mwaitu imerudi!” Mwaitu ni mama. Alikuwa amekikumbatia kibuyu kwa mikono na miguu kama mtoto wa nyani anavyoshika mti.

Wanawake walinyamaza wote. Nimeishi miaka mingi, sijasikia tena watu wengi hivyo wakinyamaza pamoja. Mama mkwe alikwenda akainama, akaangalia, akaweka kidole juu ya unyayo mmoja kisha wa pili. Alipoinuka uso wake ulikuwa kama jivu.

“Hiki ni cha nani?”

“Ni changu, mwaitu,” mke mgeni akasema. Hata kumwita mama, ilikuwa mara ya kwanza mimi kumsikia.

“Chako.” Mama mkwe akageukia wenzake. “Mmesikia? Chake. Nyumba amepewa, mume amepewa, watoto amepewa. Sasa amekuja kuchukua hata nyayo.”

“Aiyaa, huyu ana haraka,” mmoja akasema kutoka nyuma. “Hata kaburi halijaota majani.”

“Mwache, pengine anataka tumwite jina la marehemu kabisa,” mwingine akasema, na kuna walioguna kwa kucheka, kile kicheko cha puani.

“Mimi nilipewa,” mke mgeni akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Sikujua. Nilipewa tu.”

“Ulipewa na nani?”

“Kwa susu, yule mwenye mkono.”

“Muongo! Yule susu alimzika mtoto wangu marehemu pamoja nami. Hawezi.”

Hapo yule mke mgeni aliniangalia. Nilikuwa nimesimama na debe la maji, hatua tano kutoka kwake. Hakusema ni huyu. Alingoja niseme mwenyewe. Aliningoja muda mrefu, vijana, mrefu wa kutosha mtu mzima kusema maneno mawili: ni mimi. Nami niliangalia maji.

Akaweka jembe chini polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Akaingia nyumbani akatoka na kitambaa kimefungwa nguo zake, akashika njia ya bondeni. Hakuna aliyemwita. Mama mkwe alisema tu, “Turudi kazini,” na wimbo haukuanzishwa tena siku ile.

Susu alirudi siku ya tatu, binti amejifungua salama. Habari ilimfikia njiani kabla hajafika mlangoni. Hakuniuliza kitu. Alipanda kwa jirani, akaomba kile kibuyu, na yule mtoto akakubali kukionyesha lakini hakukubali kukiachilia, kwa hiyo susu alikiangalia kikiwa mapajani mwa mtoto. Alirudi akaketi.

“Mistari yangu haitetemeki kwenye kona,” akasema. “Nani amekufundisha?”

Nililia nikamwambia yote. Nikamwambia mwalimu alisema sanaa ni kufananisha.

“Mwalimu amesema kweli. Kikombe chake ni cha ubao. Kwenye karatasi fananisha mpaka uchoke, karatasi haina mtu ndani.” Akanigeukia. “Na alipokuangalia? Walisema alikuangalia.”

Niliangalia chini.

“Hilo ndilo,” akasema. “Kuchora ulichora kwa sababu hujui. Kunyamaza ulinyamaza ukijua.”

Hakunichapa. Nilitamani anichape. Kesho yake alitoa kibuyu kingine kilichosuguliwa, hakina alama, akakifunga mgongoni mwangu kwa shuka kama mtoto, akachukua kisu chake na kichupa cha masizi. Tulipanda basi kwa sehemu, sehemu nyingine tukaenda kwa miguu. Yatta, huko upande wa Katangi, ni tambarare, jua linakupiga bila kitu cha kulizuia, na miiba ya pale ina hasira. Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho na kibuyu kinagonga uti wa mgongo kila hatua. Susu hakugeuka kuniuliza kama nimechoka.

Tulifika kwa wazazi wa yule mama saa tisa. Baba yake alitoa viti, mama yake akaleta maji. Binti alikuwa nyuma anatwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa, akatuona, akaendelea kutwanga. Susu alingoja mpaka akamaliza kinu chote. Ndipo akanisukuma mbele.

“Huyu ana neno.”

Nilisema mbele ya wote. Kwamba alama ni za marehemu, kwamba mkono ni wangu, kwamba nilisema ndiyo wakati ilikuwa hapana, na kwamba aliponiangalia niliangalia maji. Lile la mwisho ndilo lilinishinda, nililisema mara mbili ndipo likasikika.

Baba yake alisema, “Sasa mtoto wangu amefukuzwa kwa ajili ya mchezo wa mtoto.”

“Ndiyo,” susu akasema. “Hivyo hivyo.” Hakupunguza wala hakupamba. Kisha akamgeukia binti. “Nimekuja na kibuyu. Sikukuletea ili urudi. Kurudi ni kwako na mume wako. Nimekuja kwa sababu nilikuambia Jumatano tukae, na hatukukaa.”

Yule mama akaketi akichagua mawe kwenye mahindi. Susu hakuharakisha. Alipasha kisu.

“Ukisimama mlangoni hapa, unaona nini?”

“Si unaona mwenyewe.”

“Mimi naona kwa macho yangu. Nakuuliza wewe.”

Akachagua mawe mengine. Halafu akasema, bila kuinua uso, “Mbuzi. Wakishuka korongoni kunywa. Wanashuka mmoja mmoja kwa sababu njia ni nyembamba, na yule wa mbele kila siku ni yule yule.”

“Yukoje?”

“Ana pembe moja.” Na hapo, kidogo tu, mdomo ukatikisika. “Ana kiburi.”

Kss, kisu kikaanza. Aliendelea kuongea na susu akaendelea kuchora, na mimi nilishika makaa. Kazi ilipokuwa karibu kwisha yule mama akauliza, “Na wakinicheka tena?”

“Watakucheka,” susu akasema. “Lakini watakuwa wanakucheka wewe.”

Tuliondoka tukamwacha na kibuyu. Hakusema atakuja. Mvua fupi zilikuja, tukapanda, tukapalilia, na kila nikienda mtoni nilikuwa nikiangalia njia ya bondeni. Mume wake alikwenda Katangi mara mbili akarudi peke yake. Mara ya tatu hakurudi peke yake.

Mwethya uliofuata ulikuwa kwa boma lingine. Mke mgeni alikuja akaweka kibuyu chake chini ya kivuli pamoja na vingine, akaenda kuchimba. Saa ya kupumzika mama mkwe alikuwa wa kwanza kukichukua. Alikizungusha, akakiinua kwenye mwanga.

“Hawa ni nini?”

“Mbuzi wa kwetu, mwaitu.”

“Wamekonda.”

“Kwetu hakuna majani, mwaitu.”

“Hm. Na huyu wa pembe moja?”

“Huyo ndiye mkubwa wao.”

“Anafanana na mimi,” mama mkwe akasema, akafungua akanywa uji wake. Wanawake waliangua kicheko mpaka mmoja akakaa kwenye tope. Tangu siku ile alimwita kwa jina.

Kile nilichonakili hakikuvunjwa. Susu alisema kiachwe kwa yule mtoto, na mtoto alilala nacho mpaka akawa mkubwa. Mimi nilinyimwa kisu miaka miwili. Baadaye nilipewa mbegu, nikaambiwa nianzie hapo. Alama zangu mwenyewe sitawaeleza, anayetaka kuzijua aje nyumbani anywe uji.

Sasa kilima kile hakina paa la nyasi hata moja, na mabati hayapandwi na mmea. Matuta yapo bado, lakini siku ya kazi watu wanakuja na chupa za soda zilizojazwa maji, na zote zinafanana, na ukiacha yako chini mwingine anainywa na wala si kosa lake. Susu alienda. Mwalimu alienda. Yule mama wa Katangi alilea wale watoto wawili na wake wanne, na tulipomzika, yule msichana wa kibuyu, ambaye sasa ni bibi kama mimi, ndiye aliyelia kuliko wote. Wanaojua kuuliza yale maswali wamebaki wachache, na wenye subira ya kuyajibu ni wachache zaidi. Mmepata neno sanaa, ni neno zuri, nami sasa ninalo. Lakini nikiona kitu kizuri mimi bado nauliza ni cha nani, na wengi wenu mnanishangaa.

Juma lililopita mjukuu wangu alileta mke. Msichana wa adabu, anafanya kazi ya ofisi kule Mavoko, anaona haya kuingia jikoni kwangu. Watu wa nyumbani wakafurahi, wakataka kumpa zawadi ya heshima. Wakaingia chumba cha ndani wakatoa kibuyu cha mama ya mjukuu wangu, mkwe wangu marehemu, wakakipangusa vumbi, wakaja nacho wakiimba. Mmoja anasema hii ni sanaa ya nyumba yetu, hii ni urithi. Nilimwona yule msichana akinyoosha mikono miwili kupokea.

Nikainuka. Nikasema kwa sauti waliyoisikia mpaka zizini:

“Rudisheni hicho mlikokitoa, hicho kina mwenyewe. Huyu mpeni mbegu na jembe, mumwonyeshe mahali pazuri pa kupanda. Na wewe mwanangu, lete kigoda ukae hapa karibu nami, uniambie: ukisimama mlangoni kwa mama yako, unaona nini?”